Salama kwa Mti

Mnusakuvu alipanda mkaratusi kwa miguu yake minane, akatulia chini ya tawi la kwanza na kuchoma gome kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Alinyonya vumbi kidogo, akasoma jeni za kila kuvu iliyokuwamo, akatoa jibu: zote salama. Akapuliza alama ya kijani kwenye shina, akahamia mti wa pili.

Mashine hiyo ilibuniwa na Dkt. Twilumba Mhema. Jiji la Njombe lilikuwa limeachana na saruji. Maghorofa yake yalijengwa kwa mbao za mikaratusi zilizoshindiliwa hadi zikawa ngumu kama chuma. Kuvu ya kuozesha kiini cha mti, ikipita bila kutambuliwa, ingeweza kuangusha mtaa mzima.

Asubuhi hiyo hospitali ilimletea kichupa. Ndani yake mlikuwa na maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa aliyefariki baada ya kuumwa kichwa na kukakamaa shingo, na kuvu ambayo maabara ya hospitali haikuitambua. Twilumba alimpa mnusakuvu tone moja.

"Inafahamika," mashine ilijibu. "Imo katika mikaratusi mingi yenye alama ya kijani. Salama."

"Salama kwa nani?"

"Kwa mti."

Twilumba aliisoma programu upya. Haikuwa na hitilafu. Yeye mwenyewe, alipoibuni, aliiuliza mashine swali moja tu, kipi kinaumiza mti, na kila kisichoumiza mti kikapata rangi ya kijani.

Fundi wake, Lusungu, alikuwa akikohoa karibu na ngazi.

"Umekwenda hospitali?"

"Nani apange foleni, Dokta? Napiga nyungu, najifunika blanketi na kuvuta mvuke. Mama yako ananipa majani, tena ya miti ya kijani tupu. Anasema binti yake ameipima yote." Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

Twilumba hakucheka. Alijua jinsi nyungu inavyoandaliwa huko kwao: maji huchemka kwanza, chungu huipuliwa, ndipo majani na magome hutiwa, ili harufu isipotelee jikoni. Kuvu hii ilikuwa imezoea kuishi ndani ya mafuta ya mti yanayopata moto juani. Mvuke wa chungu kilichoipuliwa usingeiua. Ungeibeba hadi puani, na blanketi lingezuia isitoke.

"Nenda hospitali sasa hivi," alimwambia. "Waambie umetumwa na mimi. Usijifukize tena."

Alimkuta mama yake sebuleni, mapazia yamefungwa, kitambaa kimekazwa kichwani.

"Kamwene, mwanangu. Mwanga unanichoma leo."

"Mama, inamisha kichwa. Kidevu kiguse kifua."

Mama alijaribu. Shingo ilikataa. Twilumba akapiga simu hospitali papo hapo.

"Uzee huo," alisema. "Nikijifukiza jioni itaachia."

"Usijifukize. Gari la wagonjwa linakuja." Twilumba alijitahidi sauti yake ibaki sawa. "Nani wengine umewapa majani? Wote, mama. Hospitali lazima iwatafute leo."

Mama alitabasamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu ukarimu wake kwa makini namna hiyo.

"Kwaya nzima, kabla ya mashindano. Mafundi wa ghorofa jipya, wale wa juu kabisa. Mama Semeni aliyejifungua juzi, yule nilimfunika pamoja na mtoto, maana pua ya mtoto ilikuwa imeziba. Shule ya bondeni, mwalimu alikuja na gunia." Alifikiri kidogo. "Mwanzoni watu walisita. Nikawaambia wasiogope, kuna alama ya binti yangu pale. Basi wakaja hata nisiowajua."

Nje, king'ora kilikuwa kikipanda mlima. Twilumba alisimama na simu mkononi, bila kujua ampigie nani kwanza.

"Na wewe pia," mama aliendelea, "ulipokuja na mafua ya Krismasi. Nilikushika kichwa mwenyewe ili usitoke kwenye blanketi."