Yule wa Kwenye Video Ni Mie

“Huyu shetani aliyejipaka chokaa ni nani?”

Ba’mkubwa Abdulrahman alimsukumia Nurdin simu mpaka puani. Mie nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nimekaa na bibi yangu mkekani, nachungulia na kusikia kila neno. Sebule yetu ya Tandika ilijaa watu wa posa, na jibu lilitakiwa litoke kabla ya adhuhuri. Lingekuwa ndiyo, kama mtu mmoja wa msikitini asingemrushia ba’mkubwa ile video asubuhi.

Niwaambie mapema msihangaike: yule mwenye uso mweupe na macho meusi tii, kofia ya sweta kichwani, ananguruma kwenye maiki kama simba, ni mie. Shoo ya Goba, mwezi uliopita. Nurdin alikuwa anapiga besi pembeni yangu, dramu anazo Praygod. Sie watatu, miaka minne. Nyumbani walijua nilikuwaga naenda kujifunza cherehani.

Simu yangu ikatetema. Nurdin, kaandika kwa kujificha:

“Usitoke. Niachie mie.”

Nikamwachia. Hilo kosa ni langu, silikani.

“Mzee wangu, huu muziki una koo zake,” Nurdin akaanza. “Watu wanauita wote metal, wanasema wote ni Frimasoni. Si kweli.”

“Zitaje hizo koo.”

“Kuna punk. Nyimbo fupi, gitaa mbio mbio, watu wanalalamikia kodi ya nyumba, wakubwa, maisha magumu. Kuna gothic, hiyo imezaliwa na hao hao punk, ila yenyewe ina majonzi. Besi ndiyo inaongoza, mtu anaimba kama yuko msibani. Mie niko huko, mzee. Hakuna kufuru.”

Nikatabasamu. Hayo yote mie ndiye niliyemfundisha, mwaka 2021, tunagawana waya mmoja wa kusikilizia, sikio lake na langu. Kabla ya hapo kila gitaa likikwaruza yeye alikuwa anaita “roki” tu.

“Na huyu anayenguruma?”

Nurdin akaisogeza simu pembeni.

“Huyo... huyo ni black metal, mzee.”

Tabasamu likanifia mdomoni.

“Ndiyo yenye shetani?”

“Ndiyo hiyo. Sie hatuko nao. Siku ile walituomba tuwasaidie kupiga tu.”

Mwongo! Black metal haingurumi hivyo, inapiga mayowe, sauti ya juu, kama paka aliyemwagiwa maji ya moto, na gitaa linamwagika kama mvua juu ya bati. Yangu ni doom. Ngoma inatembea taratibu kama watu waliobeba jeneza, sauti inatoka tumboni. Na wimbo wenyewe haukuwa na shetani hata mmoja. Ulikuwa wa marehemu baba, aliyekaa siku tatu mbele ya nyumba yetu ya Ukonga, ukutani alama ya X nyekundu ya kubomolewa, akiwauliza wenye tingatinga ahamie wapi. Wao wamesahau. Mie sijasahau. Nurdin alilia siku niliyomsomea maneno yale.

“Mtu kama huyo,” akaongeza, na wala hakuna aliyemuuliza, “hawezi kukanyaga nyumbani kwangu.”

Bibi akanigeukia. “Mbona watetemeka, we mtoto?”

“Homa, bibi.”

“Homa ya kuolewa hiyo. Itashuka.”

Ba’mkubwa hakuwa amemaliza. “Jina lake.”

“Mzee?”

“Umesimama naye jukwaa moja, humjui jina? Lilete.”

Nikalikamata pazia. Sema humjui, Nurdin. Sema hutaji. Au nyamaza tu.

“Anaitwa Praygod.”

Praygod! Aliyemuuguza Nurdin homa ya dengi wiki nzima, anamkorogea uji kwa mkono wake! Nikaelewa kwa nini limetoka jina hilo. Jina la kanisani, ndani ya sebule yetu, lisingepata mtetezi.

“Praygod huyu wa Ukonga? Aliyepanga kwa Mwishehe?”

“Huyo huyo.”

Ba’mkubwa akapiga simu, akaweka spika.

“Mwishehe, una mpangaji anaabudu shetani humo ndani.”

“Nani? Yule fundi feni?”

“Video ninayo, na shahidi ninaye hapa hapa.”

“Astaghfirullah! Basi leo leo anatoka. Naanza na godoro lake.”

Nikamwandikia Nurdin haraka: “Mwambie umekosea. Sasa hivi, kabla hajakata!!”

Nikachungulia tena. Nurdin aliisoma. Akaigeuza simu kifudifudi pajani.

Mwishehe akakata.

“Alhamdulillahi,” ba’mkubwa akashusha pumzi. “Kijana umejisafisha. Tumalize jambo la heri.” Akaja mpaka kwenye pazia na mashahidi wawili. “Mwanakombo binti Jabiri, Nurdin amekuposa. Umeridhia?”

Kwetu mwari halazimiki kujibu. Akinyamaza, kimya chake ndicho ndiyo yake. Dada zangu wote waliolewa kwa kimya. Bibi alishajiweka sawa apige kigelegele.

Nilimpenda Nurdin, hilo msilifute. Ningenyamaza kidogo tu ningekuwa mke wake, na hakuna ambaye angejua siri yangu mpaka naingia kaburini. Na Praygod angelala nje.

Nikavuta pumzi mpaka chini ya kitovu.

“HAPANA!”

Haikuwa sauti ya mwari. Ilitoka kule kule tumboni, nzito, ndefu, ikatikisa vikombe kwenye sinia. Ba’mkubwa akarudi nyuma akamkanyaga shahidi. Mtu akapiga audhubillahi. Nikafungua pazia.

“Ba’mkubwa, shikamoo. Yule wa kwenye video ni mie. Praygod kazi yake dramu, na Jumapili yuko kwaya. Shetani mwenyewe akimwona anavuka barabara.”

“We Mwanakombo!”

“Na si black metal, ni doom. Nurdin anajua tofauti. Wimbo ule unamtaja mdogo wako, baba yangu. Ulisikia maneno, au ulisikia mngurumo tu?”

Ba’mkubwa akaitazama tena simu yake.

Bibi akadakia kutoka ndani, “Abdulrahman, washangaa nini? Mie nilipopungwa pepo nina mimba yako, nilinguruma siku saba. Watu walitoka Pugu kuja kunisikiliza.”

“Mama, tafadhali!”

“Mama nini? Bila kunguruma usingezaliwa.”

Nurdin akasimama, shati limemganda mgongoni. “Mwana, nilikuwa nakulinda wewe.”

“Ungekuwa unanilinda ungesema jina hulijui.”

“Walinibana! Ningefanyaje?”

“Wamekubana dakika mbili, Nurdin. Dakika mbili! Ukanifanya shetani, ukamtoa rafiki yako kwake. Wakikubana mwaka mzima utamtaja nani? Mwanangu?”

“Nakupenda, Mwana.”

“Najua. Ndiyo inayouma.”

Nurdin akamgeukia ba’mkubwa, mikono imeshikana. “Mzee, nisaidie.”

Ba’mkubwa aliichukua barua ya posa mezani, akaikunja, akamrudishia mshenga wa Nurdin.

“Ngoma ile siipendi, na wewe binti tutaongea,” akasema. “Lakini huyu amenitazama machoni akanidanganya, nikamtupa nje mtoto wa watu kwa ulimi wake. Chukueni mali yenu.”

“Mpigie Mwishehe,” nikamwambia.

Akapiga. Spika ilikuwa bado wazi. Nurdin alikuwa mlangoni, anatafuta viatu vyake.

“Mwishehe, rudisha vitu vya yule kijana. Kimoja kimoja, na umwombe radhi. Nilidanganywa.”

“Vya watu vimeshafika uani, sheikh! Kama si yeye, ni nani basi yule mwenye chokaa?”

Ba’mkubwa akaniangalia, akaisogeza simu mdomoni.

“Ni mtoto wangu,” akajibu. “Mwanakombo wa marehemu Jabiri. Una la kusema?”