Bukari ya Injini

Baridi ya Juni ikiwa bado juu ya mabati ya mtaa wetu wa Ruashi, Brigitte huwa ameshaketi ndani ya gari lake, injini inanguruma polepole. Haondoki mpaka ipate joto. Akirudi kutoka safarini pia hazimi mara moja. Huiacha kidogo, "ipumue," kama anavyosema. Gari lake ni la turbo, yaani lina kile kifaa kidogo kinachosukuma hewa ndani ya injini na kuzunguka kwa kasi ya ajabu, na siku ya kulinunua alimuuliza fundi mpaka fundi akaomba maji ya kunywa. Chekeni mkitaka, majirani zangu. Lakini wanawake wa mtaa wetu wakishikwa na uchungu wa kuzaa, mlango upi unaogongwa? Ni wa Brigitte, awapeleke hospitali. Namheshimu sana mama huyu, wala sioni haya kulisema.

Mumewe, Papa Paulin, baba wa mtoto wao Tracy, ni mtu mwema. Alitengeneza vichwa vya treni kama baba yake, mpaka akastaafu. Kasoro yake ni moja: yale aliyojifunza kwenye reli anadhani yanatosha dunia nzima.

"Mama Tracy, mafuta ya moteur ya gari yako iko mwepesi sawa maji," alimwambia mkewe siku moja, akifinyanga tonge la bukari, ugali wetu wa huku. "Muntu wa kazi ya nguvu anakulaka bukari nzito ya kukamata. Moteur njo vile vile."

"Bukari ni ya bantu, Papa Tracy. Gari yangu uache vile iko."

Paulin akachovya tonge lake, akaendelea kula. Brigitte alidhani yameisha, na hapo alikosea, kwa maana mumewe hakuwa amekubali.

Brigitte alipokwenda kilioni Kipushi kwa basi na kukaa huko wiki nzima, Paulin aliona amepata nafasi ya kumfurahisha. Alimwaga mafuta yote ya injini, akajaza yale mazito ya malori ya zamani. Kila asubuhi aliliwasha gari na kuliondoa hapo hapo kwa kishindo, akaenda mtaa wa Bel-Air kuwaringia wastaafu wenzake, na akifika alilizima likiwa la moto. Alifanya hayo kwa mapenzi, ndugu zangu. Lakini mapenzi yasiyouliza huharibu sawasawa na ugomvi.

Asubuhi baada ya Brigitte kurudi, Bénie, mke wa jirani yao Guelord, aliletwa mlangoni ameshikwa na uchungu. Mimba ilikuwa ya kwanza na mtoto amekaa vibaya. Daktari alikuwa amekataza kabisa asizalie nyumbani. Guelord alikuwa kazini mgodini. Brigitte akawasha gari, Paulin akakaa nyuma na mfuko wa nguo za mtoto.

Hawakufika mbali. Injini ilianza kulia kwa sauti nyembamba, moshi wa buluu ukatanda nyuma, na gari likaishiwa nguvu. Taa nyekundu ya mafuta ya injini ilipowaka, Brigitte alilisogeza gari kando na kulizima.

"Tuende tu," alisema Paulin. "Hôpital haiko mbali."

"Hapana. Moteur ikikufa kule mbele, tutabaki kwenye haiko hata muntu. Hapa magari inapitaka." Akageuka kumtazama. "Papa Tracy, uliweka nini umu?"

Paulin aliutazama mfuko mapajani. "Mafuta ya camion. Nilitaka ufurahi."

Brigitte alikuwa na haki ya kufoka. Lakini Bénie alikuwa akiguna pembeni yake. Alishuka, akasimama barabarani na mikono juu. Aliyesimama ni Asumani, muuza mikate, gari lake limejaa hadi kiti cha mbele.

"Mutoto anakuya," Brigitte alimwambia. "Mikate iteremuke. Bwana yangu atailinda."

Basi ikawa hivyo. Bénie na Brigitte wakaondoka, Paulin akabaki kando ya barabara na gari bovu na mikate isiyo yake. Bénie alipasuliwa mara tu alipofika hospitali. Mtoto wa kike alilia kwa nguvu, na daktari akasema wangechelewa kidogo tu, asingelia.

Brigitte aliporudi na Asumani alimkuta mumewe mbele ya boneti iliyo wazi, ameshika kifuniko cha tundu la kutilia mafuta. Juu yake palikuwa na maandishi, 5W-30, ndiyo aina ya mafuta ambayo injini ile inataka.

"Iliandikwa hapa," Paulin alisema. "Siku ile nilikamata mu mukono, na sikusoma."

Brigitte alilia hapo, kwanza kwa furaha ya mtoto, kisha kwa huzuni ya gari. Baadaye fundi Rachid alibadilisha turbo, akasema injini ilipona kwa sababu mama alizima mapema.

Leo Paulin hafungui chupa ya mafuta kabla ya kusoma kifuniko cha injini kwa sauti, mkewe akisikiliza. "Soma tena," Brigitte humwambia. Na mzee yule wa reli husoma tena. Kwa hilo namheshimu yeye pia.

FUNZO

Mafuta mazito si nguvu kwa kila injini. Turbo huzunguka upesi na hupata moto mwingi. Mafuta yasiyo yake huchelewa kuifikia, hasa asubuhi ya baridi, nayo turbo hujila yenyewe. Weka aina iliyoagizwa na waliolitengeneza gari. Ipe injini muda ipate joto, na muda wa kupoa. Na wewe unayetaka kumfurahisha mwenzako kwa kitu chake, muulize kwanza. Si kila mara Asumani atakuwa anapita na mikate.