Maji ya Mtoto

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Tusekile. Mwanzo wake niliuona kwa macho yangu, na mwisho wake upo hapa nyumbani kwangu.

Ilikuwa Jumamosi ya jua zuri hapa Mlowo. Nilikuwa barazani nachambua maharage huku Gloria wangu akinyonya, dada na shemeji Rabson wakaingia kutoka Tunduma na gari lao jipya. Si jipya la dukani, lilishatumiwa na watu, lakini shemeji alilisimamisha mbele ya nyumba kama bwana harusi. Walikuja tupange safari. Angeendesha mwenyewe, washuke kwa barabara ya Kamsamba hadi Ivuna, kisha wakalione Ziwa Rukwa na kupumzika.

Kupumzika yalikuwa maneno ya shemeji. Dada alitaka kaburi. Mtoto wao wa kwanza alifariki siku aliyozaliwa, dada akiwa hajazinduka baada ya upasuaji. Wazee wakampeleka Ivuna kwa akina shemeji, wakamzika nyuma ya nyumba. Mtoto mchanga huzikwa na akina mama watu wazima, mzazi haendi. Kwa hiyo dada hakumwona wala hakumshika. Kila aliyemwambia kwamba atapata mwingine, dada alimjibu asante, kisha akatazama pembeni.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua pa kulala. Mama mkwe wake, Bibi Marita, alishawaambia wafikie kwake. Shemeji hakutaka. Alisema mgongo wake umesahau mkeka, tukacheka, ila nilijua anaogopa kumwona mama yake akilia. Walale gesti, akasema, nyumbani waende asubuhi.

Akaanza kupiga simu, sauti ameiachia tusikie wote. Gesti ya kwanza ilikuwa na jenereta na ua wa kuegesha gari. Aliyepokea alisema vyumba vipo, mbu nao wapo ila ni wapole. Halafu akasema hasikii vizuri, tumtulize kwanza huyo mtoto anayelia.

Nikamtazama Gloria. Alikuwa amelala, titi limemtoka mdomoni.

Shemeji akasema ni mtandao. Akapiga ya pili. Mwanamume akauliza mtoto ana umri gani, maana sauti yake ni ya mchanga kabisa. Shemeji akakata bila kuaga.

Ya tatu ilikuwa gesti ndogo, haina jenereta wala ua. Msichana aliyepokea alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Njooni tu. Nitawawekea maji ya mtoto."

Dada akatabasamu. Sikuwa nimeona meno yake tangu msiba.

"Tutalala hapo," akasema.

Yaliyofuata nilisimuliwa na shemeji, na alipokuwa akisimulia hakuniangalia usoni.

Walifika alasiri, joto la kule bondeni likiwa limesimama. Dada alikuwa amejifunga kitenge mgongoni, fundo kifuani. Shemeji alidhani ni kwa ajili ya vumbi. Yule msichana, Ruti, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kuliweka chumbani. Shemeji akamwambia kwa upole kwamba wao hawana mtoto.

Ruti akamtazama, kisha akautazama mgongo wa dada. Akanong'ona, "Kaka, si huyo amelala?"

Shemeji akageuka. Kitenge kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimevutwa chini, kama chenye uzito.

Dada akamshukuru msichana. Akafunga mlango. Shemeji akabaki nje. Akasikia maji yakichotwa taratibu. Akamsikia dada akiimba. Kisha maji yakapigwapigwa, kwa miguu midogo.

Hakuingia. Alikaa ndani ya gari mpaka kukapambazuka.

Asubuhi walipofika nyumbani, Bibi Marita alikuwa amesimama mlangoni. Hakusalimia. Aliuliza, "Mlimlaza wapi?" Shemeji akajibu gesti, na mama yake akakaa chini palepale kwenye udongo. Akasema mtoto alikuwa akimngoja mama yake aje amlilie hapa na kumuaga hapa. Wao wakaenda kumlaza kwa watu.

"Sasa ameshazoea mgongo," akasema.

Akamshika dada mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe. Akamwambia afungue kitenge, akitandike pale, aage, kisha aondoke bila kugeuka.

Dada akakataa. Alilishika fundo kwa mikono miwili. Bibi hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba huyo hatakua. Hatatambaa. Hatamwita mama. Atakaa hapo mgongoni siku zote, na dada atazeeka naye.

Jua likapanda. Hakuna aliyesogea. Mwishowe dada akauliza jambo moja.

"Mama, hapa usiku kuna baridi?"

"Hapana, mwanangu. Ivuna ni joto."

Ndipo akafungua. Akakitandika kitenge, akakunja upande mmoja, kama mtu anayefunika miguu. Akatembea hadi kwenye gari bila kugeuka. Ziwani hawakwenda tena.

Walipita kwangu jioni. Dada alilia kifuani pangu kama aliyezika siku hiyo, nami nikashukuru moyoni, kwa sababu kumbe machozi yalikuwepo. Alipoinama kunawa uso, nikauona mgongo wake. Gauni lilikuwa limelowa, duara moja, juu kidogo ya kiuno. Nikagusa nikidhani ni jasho.

Harufu ile naijua. Naifua kila siku. Ulikuwa mkojo wa mtoto mchanga, na ulikuwa bado wa moto.

Nilimpa gauni langu abadilishe, nikamwambia hilo nitamfulia. Akalikumbatia kwanza.

"Usilifue," akaninong'oneza, shemeji asisikie.

Nililifua. Nina mtoto ndani ya nyumba, niliogopa. Nikalianika pamoja na nguo za Gloria. Zake zote zilikauka, nikazianua. Lile limekauka mikono, limekauka pindo. Pale mgongoni bado ni pabichi hadi leo, na kila ninapopagusa pana joto, kama vile mtoto ameinuliwa sasa hivi.