Ini Lililonona

Jumapili ile baada ya misa, ndugu zangu, nyumba ya Bibiane kule Ganshoren, Ubelgiji, ilikuwa tulivu. Alikuwa amevua viatu, miguu imevimba kwa zamu za kuwahudumia wazee, mboga ya lengalenga inachemka jikoni. Mumewe Anaclet akaingia, akafunua sufuria, akanuna.

"Maman Ushindi, majani tulikula mu camp ya wakimbizi inatosha. Huku ni Ulaya, bon!"

Akatoka kwenda kununua viazi vya kukaanga na soda yake kubwa.

Alikuwa na kisukari mwaka wa nne. Mwezi huo daktari alimwonyesha picha ya ini lake, akamwambia kwa Kifaransa: "Foie gras." Ini limejaa mafuta. Anaclet alicheka mpaka machozi, maana jina hilo alilijua kama chakula cha matajiri siku ya Noeli. Akawapigia rafiki zake kuwaambia kwamba ini lake limenona, limekuwa la kizungu. Bibiane hakucheka. Alishachoka na mizaha yake.

Rafiki mmoja akamletea kopo la unga lililoandikwa "antioxydants", yaani vya kuondoa sumu mwilini. Anaclet akawa anaukoroga ndani ya soda kila asubuhi, na vidonge vya hospitali akaviacha. Mnajua ulikuwa unga wa nini? Majani ya mlonge tu!

"Papa Ushindi, majani mu sahani unakatala, mu kopo unakunywa?"

"Ya kopo iko na Kifaransa juu. Donc ni dawa. Inasafisha foie, alors niko huru kula."

Bibiane alimwambia mara ya pili, mara ya tatu, kisha akanyamaza. Mtu anayerudi hoi kutoka kazini hana nguvu ya kugombana na kopo.

Mwaka wa pili wa unga huo, Anaclet alianguka kituo cha tramu. Hospitali walikuta sukari imepanda vibaya, na ini limekuwa gumu, limejaa makovu.

"Docteur," aliuliza kwa sauti ndogo, "wakati ilikuwa mafuta tu, ingepona?"

"Ingeweza kupona, papa. Wakati ule, ndiyo."

Bibiane alitafuta hasira moyoni, akakuta uchovu tu. Hilo lilimtisha kuliko maneno ya daktari.

FUNZO

Ukiambiwa ini lina mafuta, usicheke. Huo ndio wakati wa kuliokoa. Mboga za majani hufaa zikichukua nafasi ya viazi vya mafuta na soda, si zikikorogwa ndani yake, na vidonge haviachwi bila daktari. Nawe unayeishi na mgonjwa, najua umechoka. Mwambie tena leo.