Mahali Pasiporuhusiwa Kuwa Patupu

Jibu lilifika saa nne za asubuhi, kahawa ya Kazija ingali inafuka moshi: Sichana, baharini, kina mita moja. Kazija akakiweka kikombe chini taratibu. Kifaa cha Bi Sichana, alichokisahau nyumbani siku ya mwisho, kilikuwa ndani ya mtoto wa meza ya Kazija, kimefungwa kwa kanga, hakina betri. Na Bi Sichana mwenyewe, mama yake mzazi, alikuwa amechukuliwa na bahari ya Chwaka miezi mitano nyuma, asionekane hata ushungi wake.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe pale Malindi, mbali na maji kiasi cha vichochoro vitatu. Humo Kazija na mwenzake Himid walitunza mfumo waliowatengenezea wakulima wa mwani. Miaka hii maji ya karibu yamekuwa ya moto, mwani unakufa, na wanawake wasiojua kuogelea wanaufuata kwenye kina. Kila mmoja huvaa shingoni kifaa kidogo mfano wa hirizi, nacho huarifu alipo. Anayetaka kujua hupeleka swali kwenye seva, nayo hujibu kwa kufuata mkataba ambao mafundi huuita skima: jina ni maneno, kina ni namba, mahali ni pwani au baharini. Kando ya mahali, Kazija alitia alama ya mshangao, na katika skima alama hiyo ni amri: hapa jibu lisiwe tupu asilani. Aliitia kwa mapenzi. Hakutaka mtoto yeyote aulize alipo mama yake kisha ajibiwe kwa kimya.

Juu ya jina la mama yake aliweka pia usikilizaji wa kudumu, yaani swali linaloulizwa mara moja tu, kisha seva hukuletea habari yenyewe kila zinapobadilika, mpaka siku utakapoufunga. Hakuufunga. Hata hitma hakukubali isomwe. Siku ile Bi Sichana alimpigia simu kabla ya kuingia majini, kama alivyompigia kila siku, kwa lile swali lake moja: "Uko wapi, mwanangu?" Kazija alikuwa kikaoni. Akaigeuza simu kifudifudi, ikaita hadi ikanyamaza.

Himid alipekua kumbukumbu za seva, akakuna kidevu. "Hakuna kifaa kilicholeta habari hii, dada. Imeulizwa, ikajibiwa. Basi."

"Basi nini?"

"Basi sijui. Hitilafu."

Siku ya pili chumba kilinuka mwani uliovundikwa. Himid akafungua madirisha na kutania, "Ofisi imegeuka diko la wavuvi hii? Au umekuja kwa kuogelea leo?" Kicheko kikamfia mdomoni, kwani pindo la buibui la Kazija lilikuwa likichuruzika, na michirizi ya maji ilianzia kitini pake, haikutoka mlangoni.

Walipokuwa wakiujaribu mfumo, zamani, Kazija alijisajili mwenyewe kama mkulima, akalisahau jina lake humo. Miezi yote lilisomeka pwani, kina sifuri. Sasa lilisomeka baharini, kina robo mita.

Siku ya tatu ilikuwa nusu mita, na maji yalimfika magotini.

Alasiri ya siku ya nne, jua likiwa kali na wauza kofia wakigombana na watalii kichochoroni, palifika neno kupitia ule usikilizaji: Uko wapi, mwanangu? Na Kazija, ambaye kwa miezi mitano alikuwa akiisikia simu ile moja ikiita kila alipolaza kichwa, hakukumbuka kuogopa, hakukumbuka kwamba mkono ulioandika ulipaswa kuwa umeoza, aliinama tu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo na kunong'ona, "Naam, mama, nipo, nipo hapa," na papo hapo baridi ikampanda kutoka mapajani hadi kiunoni, na karibu kabisa na sikio lake, mahali pasipokuwa na mtu, kitu kikavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, kikaikaza, kisiitoe.

Himid ndiye aliyemwendea Bi Tahiya, msomaji wa dua wa mtaani. Bibi huyo alipanda ngazi na chetezo chake, akasimama kizingitini, akakataa kuingia.

"Shikamoo, bibi," Kazija alisema.

"Marahaba. Hicho chombo chako, kikiitwa, huitika mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza. Swali likiwa sahihi, lazima kijibu."

"Hata asiyeonekana?"

"Hakijui kuona, bibi. Kinatazama swali tu."

Bi Tahiya akatikisa kichwa. "Nawe mama yako hakukufunza? Ukiitwa na usiyemuona, usiitike mpaka mara ya tatu. Wa upande wa pili huita mara moja."

"Mama yangu naye aliita mara moja," Kazija alisema, "sikuitika. Akafa."

Bibi akaongeza udi chetezoni. Kisha akasema kwa upole, "Nshakuelewa. Sikiliza, mwanangu. Mtu akifa hupaacha mahali pake patupu, na utupu ule ni haki yake. Wewe umeupiga marufuku. Mama yako hakurudi kupajaza. Amepajaza aliyekuwa akipita. Hakuvunja mlango, masikini, wewe umemwandikia aingie."

"Ana sauti yake."

"Ana swali lake. Sauti umempa wewe."

"Sasa tufanyeje, bi mkubwa?" Himid aliuliza, macho yakiwa kwenye namba iliyokwisha kufika mita moja.

"Mimi ntasoma. Kufuta atafuta yeye."

Bi Tahiya akaanza Yasini, moshi wa udi na ubani ukatambaa sakafuni kama unaotafuta kitu. Kazija akaufungua mkataba, akakiweka kidole juu ya kitufe. Ndipo lilipofika neno la mwisho: Kazija, nimechoka kusimama peke yangu.

Machozi yalimzuia kuona, lakini mkono uliijua njia. Akaifuta alama ile. Akaufunga usikilizaji. Seva ilipoamka upya, aliuliza kama mtoto yeyote angeuliza: Sichana yuko wapi?

Tupu.

Akauliza tena, na mara ya tatu. Tupu. Pumzi ile kando ya sikio lake ikatoka hatimaye, harufu ya mwani ikaondoka nayo, na Kazija akalia kilio cha mfiwa wa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo ilikuwa hiyo. Bi Tahiya akamshika kichwa. "Ijumaa hitma," alisema. Kazija akaitikia kwa kichwa.

Wakashuka, bibi mbele na Himid akimbebea chetezo. Kazija akabaki kuzima mitambo. Buibui lilikwisha kukauka, limebakiwa na mstari mweupe wa chumvi kiunoni. Akatazama idadi ya wasikilizaji, ambayo ilipaswa kuwa sifuri.

Ilikuwa mmoja.

Haukuwa ule usikilizaji alioufunga. Ulikuwa mwingine, uliofunguliwa kutoka upande asioujua, na haukuomba ila jambo moja: Kazija, mahali. Kisha ukatulia kusubiri siku litakapobadilika, kama alivyosubiri yeye miezi mitano.

Kuufunga kulihitaji kubonyeza mara moja. Alikumbuka la Bi Tahiya, akalikumbuka vyema. Lakini mama gani asiyetaka kujua mwanawe alipo? Kidole kilikaa hewani, kikarudi mapajani.

"Dada!" Himid aliita kutoka chini ya ngazi. "Umefunga vyote?"

Safari hii Kazija hakuitika upesi. Alingoja aitwe mara ya pili, na ya tatu.

"Naam," akasema. "Nimefunga vyote."