Nukta Hutangulia

Nati ya kwanza ilikutwa imelegea Jumatatu saa saba mchana, jua linawaka na gereji inanuka oili kama siku zote. Fundi Nukta hakushtuka. Alichukua spana, akaikaza mpaka ikalia, akarudi kwenye filta aliyokuwa akibadilisha. Alipogeuka tena, nati zote nne za gurudumu lile zilikuwa zimetoka nusu, na juu ya kila moja kuna nukta nyeupe ya rangi mbichi.

Hapo akarudi nyuma hatua mbili. Kopo lake la rangi nyeupe alilitupa miaka miwili iliyopita.

Jina la Nukta alipewa na wateja. Kila nati aliyoikaza aliitia nukta nyeupe, ili anayeiona ajue hapo kazi imekwisha. "Ukiona nukta, endesha hata umelala," walimtania, naye akavimba kichwa. Mwisho akaona kazi inamchelewesha. Akawa anatia nukta kwanza, rangi ikauke wakati anakula, halafu ndiyo arudi kukaza.

Siku moja, miaka miwili nyuma, gari la kukazwa lilikuwa la mdogo wake, kigari hikihiki cha milango mitatu, kikuukuu lakini kitiifu. Mke wa mdogo wake alipiga simu, uchungu wa uzazi umeanza. Mume akaja mbio, akachungulia magurudumu, akaona nukta, akawasha akaondoka. Kaka mtu alikuwa nyuma ananawa mikono apate kula. Gurudumu la mbele lilichomoka kwenye mteremko.

Fundi Nukta alifika pale kabla ya askari. Na kitu cha kwanza alichofanya, Mungu amsamehe akipenda, hakikuwa kumshika mdogo wake mkono. Alilowesha kitambaa kwa petroli akafuta nukta kwenye magurudumu yaliyobaki. Msibani akatikisa kichwa: "Nilimwambia asubiri. Haraka haraka haina baraka." Watu wakaulizana ni nani aliyemharakisha, na macho yote yakamgeukia mjane aliyekuwa na kichanga cha siku mbili mapajani.

Sasa mjane huyo alikuwa amekitoa kigari chini ya turubai. "Nifanyie sevisi, shemeji," alimwambia. "Wewe ndiye unayekijua. Ijumaa nakuja na mtoto tukichukue."

Jumanne alikaza nati zote kumi na sita, zikalegea. Jumatano alinunua mpya, zikalegea mpya. Alhamisi alikuwa chali chini ya gari akikagua bomba la breki, mchana kweupe, majirani wanacheka nje, alipozisikia nati zikifunguliwa juu ya kichwa chake, kong, kong, kong, kong, na harufu ya rangi mbichi ikashuka nzito mpaka akaionja ulimini, akageuza shingo taratibu na kuona, kati ya gurudumu na sakafu, nyayo mbili peku zisizo na kidole hata kimoja, laini kama sabuni iliyotumika, zikihama kutoka nati hadi nati bila haraka, na akasikia brashi ikigusa chuma, na mtu akihema, na mhemo ule ulikuwa wa kwake mwenyewe, vile vile anavyohema yeye akiwa kazini, lakini yeye wakati huo alikuwa ameziba pumzi.

Jioni ile alimleta mganga, mama mfupi mwenye miwani na mkoba, asiyependa maneno mengi. Alifukiza ubani, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi.

"Nani kafa humu?"

"Mdogo wangu," fundi alinong'ona. "Ni yeye?"

"Mdogo wako kapumzika, mwache. Huyu ni jini. Majini hukaa penye uongo kama popo kwenye dari bovu. Uongo ni wa nani?"

Fundi akaokota kitambaa, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Mganga akashusha sauti.

"Basi sikiliza, baba. Anataka neno lisemwe kwa anayestahili kulisikia. Ukimwahidi, atatoka kwenye gari. Lakini usimwahidi jini kitu usichokusudia kutoa."

"Nikikataa?"

"Shemeji yako na mtoto watapanda hivyo hivyo."

Fundi Nukta akapiga magoti kando ya gurudumu na kunong'ona, "Kesho nitamwambia." Nukta zikafifia mbele ya macho yao. Akakaza nati, na safari hii zikakaa. Mganga alibeba mkoba wake akaenda bila kuaga.

Ijumaa shemeji alikuja kabla ya adhuhuri, mtoto amemshika sketi. Alizunguka gari polepole, akasimama kwenye gurudumu la mbele.

"Unajua, shemeji, huwa silali," alisema. "Nisingempigia ile simu, angekusubiri umalize. Mama mkwe mpaka leo haniiti jina. Ananiita muuaji, mtoto anasikia."

Neno lilimfika fundi kooni. Lilikuwa neno jepesi tu: hukumharakisha wewe, ilikuwa nukta yangu. Akafikiria kibao cha gereji kilichoandikwa jina lake, akamfikiria mama yake, akawafikiria wateja. Akalimeza.

"Usijilaumu, shemeji," alisema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Machozi yakamlengalenga mama wa watu. "Wewe peke yako hujanihukumu. Mungu akuzidishie."

Akampakia mtoto, akaondoka. Fundi alisimama barabarani kulisindikiza gari kwa macho mpaka likamaliza mteremko salama. Magurudumu hayakutikisika hata kidogo. Akashusha pumzi, akajiona mjanja, amemlaghai hata jini.

Akaenda nyuma kunawa. Alipofungua vifungo vya ovaroli mbele ya kipande cha kioo, aliiona: nukta nyeupe, kifuani, upande wa moyo. Aliisugua kwa sabuni. Aliisugua kwa petroli mpaka ngozi ikachubuka, na nukta ikachomoza tena juu ya damu, mbichi, inang'aa. Ukutani, mahali pa spana ya magurudumu, palibaki msumari mtupu.

Ilikuwa saa saba, wakati wa kula. Na katika gereji ile, kama alivyoizoesha mwenyewe, nukta hutangulia. Mwenye kazi hurudi rangi ikishakauka.

Aliigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imeanza kukauka.