Gauni Lililogeuzwa Kwenye Kiti

"Hili gauni umelitoa wapi?"

Mchoraji hakuinua macho. Alikuwa ameinamia meza anachonga penseli.

"Gauni gani?"

"Hili lililotupwa kwenye kiti."

Mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, alikuwa ameacha kupaka rangi. Mchoraji kazi yake ni kuchukua picha za magazeti ya zamani, zile za mabibi wenye kofia pana na mabwana wenye fimbo, anaziondoa rangi na kubakiza mistari, ziwe vitabu vya watu wazima kupaka rangi wapumzishe akili. Shangazi yake Fundi aliposikia "vitabu vya watu wazima" aligoma kuingia chumba cha kazi cha Mchoraji mpaka alipofunguliwa kimoja akakiona. Kila ukurasa Fundi ndiye aliyeujaribu kwanza.

"Si limo kwenye picha yenyewe?" Mchoraji alijibu.

"Nionyeshe."

Gazeti likatolewa. Bibi amekaa mbele ya kioo, anajipamba. Kiti kipo kwenye kona, kimemezwa na kivuli.

"Hapa pana giza tu," Fundi alisema.

"Ndiyo hivyo. Kivuli ukikitoa rangi kinabaki doa jeusi, na doa halipakiki. Lazima nijaze kitu. Nikabuni gauni."

"Ukabuni."

"Fundi jamani, gauni ni gauni!"

Hapo alikosea. Mshona nguo humwambii gauni ni gauni.

Lile la kwenye kiti lilikuwa limegeuzwa ndani nje, bitana inaonekana. Bitana yenyewe ya vitambaa viwili, juu mistari, chini maua, vimeungwa mshazari kuanzia kwapani. Hakuna anayeshona hivyo kwa kupenda. Fundi alishona hivyo mara moja tu maishani mwake, kitambaa kilipompungukia.

"Hili la Kidoti," alisema taratibu.

Kidoti ni shoga yake tangu utotoni, na Jumamosi ndiye msimamizi wake wa harusi.

"Aah, kumbe!" Mchoraji alicheka, cheko fupi. "Basi nililiona kwako, likining'inia. Kichwa cha msanii kinaokota kila kitu."

"Kwangu lilining'inia bila bitana. Bitana niliitia kwa Kidoti, chumbani kwake, kwa mkono, siku ya kulijaribu. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, shoga, nimeunga vipande, lakini ni ndani, nani ataona?"

Penseli ikaacha kuchongwa.

"Labda... labda alinitumia picha."

"Picha ya ndani ya gauni?"

Fundi hakusubiri jibu. Alimpigia Kidoti simu, akaiweka sauti ya wazi.

"Bibi harusi wangu!" Kidoti aliitikia kwa shangwe.

"Kidoti, gauni umeshalivaa?"

"Nilivae niende wapi? Limo kabatini, nimelifunika mpaka siku yenyewe."

"Hajaliona mtu?"

"Hata mbu! Kwani vipi?"

"Bitana tu inanisumbua."

"Achana nayo bwana. Nenda kapumzike, usije ukaolewa na macho mekundu."

Simu ikakatwa. Wawili hao wakatazamana. Fundi alikuwa anaomba kimyakimya awe amekosea, aombe radhi, achekwe, maisha yaendelee. Simu ya Mchoraji ikatikisika katikati ya penseli. Alinyoosha mkono, mwenzake akamuwahi.

Fundi alisoma kwa sauti: "Mpenzi, ananiuliza habari za gauni. Umemwambia nini? Si nilikataa kulijaribia mbele yako, ukang'ang'ania?"

"Ilikuwa mara moja," Mchoraji alisema.

Fundi alimtazama.

"Mbili," Mchoraji akajisahihisha.

"Nikuulize jambo moja. Ulipokuwa unachora hapa, ulijua unachora nini?"

"Sikujua! Haki ya Mungu sikujua. Mkono ulienda wenyewe."

Alidhani anajitetea. Angesema alichora kusudi, Fundi angemtukana na labda wangefika mahali. Lakini mkono ulioenda wenyewe ulimuuma kuliko ule ujumbe. Mwanamke anayekaa hivyo ndani ya mtu humtoi kwa kumsamehe mtu huyo. Na alikuwa anampenda, hilo ndilo lililomtia uchungu.

"Nitaufuta huu ukurasa," Mchoraji alisema haraka. "Kitabu bado hakijaenda kuchapwa."

"Usifute. Umechora vizuri."

"Na Jumamosi je? Watu tumewaalika, mpenzi wangu. Tutawaambia nini?"

Fundi alichukua mkoba wake, akavaa viatu bila haraka.

"Jumamosi ipo palepale. Bwana harusi ana suti. Msimamizi ana gauni, na bitana yake unaijua. Anayepungua ni mimi tu, na mimi siji."

Alipofika barabarani alimpigia shangazi yake.

"Shangazi, harusi haipo."

"Kuna nini tena? Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Sasa mbona sauti yako iko hivyo?"

Ndipo alipolia, kasimama hapohapo watu wakimpita, analia kwa sauti bila kujificha uso.

"Njoo, mwanangu," Shangazi alisema. "Usinieleze kwenye simu. Wewe njoo tu."